Cherehani mpya au mdoli wa mwili wako: kipi kianze?

Mwaka jana nilishona gauni la kitenge la sendofu ya binamu yangu, na usiku kucha kazi yangu ikawa kuvuta shingo. Nikikaa, kola inapanda kisogoni. Nikiinua mkono nipige vigelegele, kiuno nacho kinapanda mpaka chini ya matiti. Na mshono, wallahi, ulikuwa umenyooka kama reli. Nikaapa kwamba nikirudi nyumbani nauza cherehani yangu ya miguu, naongezea hela, nanunua ya umeme.

Kabla sijaiuza nilimpelekea gauni mzee mmoja fundi wa suti pale mtaani kwetu Tandika. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye kila mshono, akanirudishia. "Mwanangu, cherehani haina kosa. Mgongo wako ndio hujaujua."

Maneno hayo yameniokolea hela nyingi, na ndiyo yaliyonifanya niandike haya kwa anayeshonea nyumbani na mwenye bajeti ya kitu kimoja tu kwa sasa. Nimetumia cherehani za aina tatu, zangu na za kuazima. Mdoli wa kushonea, yaani umbo la kiwiliwili unalolivisha nguo wakati unaishona, nimeutengeneza kwa njia mbili mimi mwenyewe, na ya tatu nimeishuhudia kwa wifi yangu. Nitaziweka ubavu kwa ubavu, ila cherehani nitazipitia mbio. Midoli ndiyo yenye mambo.

Cherehani, kwa kifupi

Ya miguu, ile nyeusi ya chuma yenye meza na mkanda wa ngozi, iwe Butterfly ya Uchina au Singer uliyorithi kwa bibi, inashona mshono mmoja tu: ulionyooka. Haina zigizaga, haina tundu la kifungo. Lakini umeme ukikatika wewe unaendelea, spea zake zimejaa Kariakoo, na fundi yeyote anaifungua kwa bisibisi moja. Taabu yake kwa anayeanza ni miguu: ukikanyaga bila mpangilio gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, unaanza kulaani ukoo. Wiki mbili tu, miguu inazoea. Ukichoka kukanyaga, mafundi wanakufungia mota ndogo ubavuni na pedali yake, na cherehani ni ileile.

Ndogo ya umeme ya nyumbani, za Singer, Brother, Janome na wenzao, unaibeba kwa mkono mmoja na inakupa zigizaga, tundu la kifungo na mshono wa kitambaa kinachovutika. Za bei ya chini huwa na meno ya plastiki ndani, na kwenye pindo la jinzi lenye tabaka nne zinalia. Halafu soma kibandiko cha nyuma kabla hujalipa. Za mtumba kutoka Japani nyingi zimeandikwa 100V na umeme wetu ni 230V. Ukiichomeka hivihivi utasikia harufu kabla hujaona moshi. Inataka transfoma, na bei ya transfoma uijumlishe kwenye bei ya cherehani.

Ya kiwandani, za Juki, Jack na kadhalika, inaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika. Wewe wa gauni moja kwa mwezi hiyo kasi utaipeleka wapi? Ni nzito, meza yake inakula nusu ya sebule. Ila kama una wateja, hakuna ubishi, nunua hiyo, na uulize mota: ya klachi inanguruma na kula yuniti za LUKU hata ukiwa unapanga kitambaa, ya servo inazunguka pale unapokanyaga tu.

Ovaloki ni tamu kwa kuzuia kitambaa kufumuka, lakini mshono wa kufichwa, ule unaoshona mara mbili na kufungia kingo ndani, unafanya kazi hiyo kwenye cherehani ya miguu bure.

Na wengi wanaolalamika cherehani inaruka mishono, tatizo ni sindano. Namba 11 kwa shifoni na vitambaa laini, 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi. Sindano za cherehani nyingi za nyumbani zina ubapa upande mmoja wa shina, za kiwandani shina lake ni duara, kwa hiyo usiazime ya jirani bila kuitazama. Badilisha sindano kabla hujabadilisha cherehani.

Sasa rudi kwenye gauni langu. Katika hizo zote, hakuna hata moja ambayo ingeshusha ile kola.

Midoli ya dukani

Kuna miwili, na watu huichanganya. Ule wa kuonyeshea nguo, wa plastiki au faiba, ni mgumu, pini haiingii, na umbo lake ni la binti ambaye hajawahi kula chapati mbili. Unafaa kwa dirisha la duka. Ukiununua kwa ajili ya kushonea utakuwa umenunua pambo.

Wa pili ni ule wa mafundi wenye vidude vya kuzungusha: unazungusha, mwili unaachana vipande na kuongezeka kifua, kiuno, nyonga. Mzuri kwa fundi mwenye wateja wa kila saizi. Shida ni kwamba unatanuka pande zote kwa pamoja. Mimi nyonga zangu ni inchi 44, na sehemu kubwa ya hizo iko nyuma. Mdoli ukifika 44 unakuwa umenenepa mbele na ubavuni, nyuma bapa kama mlango. Kipimo cha futi kamba kinasema sawa, gauni linasema uongo. Mgongo wa juu nao, mahali penye kosa langu, hauna kidude cha kuzungusha.

Ukiwa tayari unao mmoja, au umepata wa kitambaa uliotumika, chagua mdogo kuliko wewe. Uvishe sidiria yako, ujaze, kisha ongeza sponji ya godoro pale ulipo wewe: nyuma, bega lililoshuka, tumbo. Mdoli mdogo unaongezeka. Mkubwa haupunguki.

Siku ya tepu

Hii ndiyo njia maarufu, na ndiyo inayotaka marafiki. Unavaa fulana ya zamani inayobana, unazungushiwa tepu mpaka uwe kama kifurushi cha basi la mikoani, unapasuliwa mgongoni, unatoka, ganda linafungwa na kujazwa. Huwezi kujifanyia mwenyewe hata ukiwa na mikono minne.

Kwanza chagua watu. Mimi niliita mashosti wawili, na kigezo changu hakikuwa ujuzi wa kushona. Nilitaka wanaoweza kutaja kiuno changu kwa sauti na maneno yasifike kwenye vikoba. Mmoja anakata vipande, mwingine anabandika. Wakibadilishana ovyo katikati, upande mmoja unabanwa na mwingine unalegea, na mdoli unatoka na bega la kushoto la mtu mwingine.

Tepu iwe ile pana ya kijivu yenye kitambaa ndani. Ile ya kaki ya kufungia maboksi inateleza, haikunji kwenye matiti, na ikichanika inachanika ndefu. Mbinu yenyewe iko kwenye urefu wa vipande: vifupi vya inchi nne mpaka sita kifuani na makalioni ambako kuna mizunguko, virefu mgongoni na tumboni. Anza chini ya matiti, kisha alama ya X katikati yake, kisha mabega. Tabaka la pili liende kinyume na la kwanza, la tatu liende mshazari. Na tepu inalazwa, haivutwi. Shosti yangu kwa huruma aliivuta kidogo kiunoni "ili utoke na figa", nikatoka na kiuno ambacho sijakimiliki tangu sekondari. Nikapenda sana kukiangalia. Gauni la kwanza halikufunga zipu.

Kabla ya kupasuliwa, chora juu ya tepu: mstari wa katikati mbele, wa kifua, wa kiuno (funga kamba, itakaa yenyewe palipo na kiuno), wa nyonga. Pima kutoka sakafuni hadi kiunoni ukiwa peku. Ukisahau hapo, mdoli utakuwa na umbo lako na urefu wa haijulikani nani.

Na sasa joto. Sisi tulifanya Februari saa nane mchana, ujinga mtupu. Tepu haipitishi hewa, unasimama zaidi ya saa nzima, jasho linashuka mpaka kwenye visigino. Mtu anaweza kuzimia kabisa. Fanyeni asubuhi na mapema, feni ikivuma, maji ya kunywa kwa mrija, chooni uwe umeshakwenda, magoti usiyakaze. Mkasi uwe wa ncha butu, na mkono wa rafiki utangulie ndani kati ya mkasi na mgongo. Mjamzito au mwenye pumu asiingie kabisa kwenye mchezo huu.

Gharama ni ndogo. Roli mbili na nusu za tepu, fulana ya mtumba na soda tatu, basi. Kwa bei hakuna njia ya kuishinda.

Lakini nisikilize kuhusu kujaza, kwa sababu hapa ndipo wengi hupoteza kazi. Mwili wa mtu ukiukata kiunoni ni duara lililobanwa: upana mkubwa, unene mdogo. Ganda la tepu ukilijaza linataka kuwa pipa. Mzunguko ni uleule, ila tumbo linakwenda mbele, mgongo unakwenda nyuma na mbavu zinaingia ndani. Na ukizidi kushindilia, mzunguko nao unaongezeka: wangu ulifika inchi 46 kwenye nyonga. Dawa yake ni kipande cha boksi gumu kilichokatwa kwa umbo la kiuno kikaingizwa ndani kushikilia upana, kingine chini kama sakafu, na kamba mbili tatu zinazotoka mbele hadi nyuma kwa ndani kuzuia tumbo lisitoke. Jaza mabega na kifua kwanza, na kila baada ya mafungu machache pitisha futi kamba.

Baada ya miezi minane hivi, mdoli wangu ulianza kutoka jasho wenyewe. Gundi ya tepu inalainika kwa joto letu, ikapenya kwenye fulana niliyoivisha juu, pini zikawa zinatoka zimenata. Bega likashuka. Na siku moja nikajisahau, nikapitisha pasi ya mvuke juu yake. Sitaki kusema zaidi.

Bandeji za P.O.P

Wifi yangu aliamua kufanya ya kitaalamu. Bandeji za plasta, zile wanazofungia mguu uliovunjika, zipo kwenye maduka ya vifaa vya tiba. Za sentimita 15 kwa mita 2.7 alitumia kumi na nne. Unazilowesha, unazilaza tabaka tatu nne juu ya fulana nyembamba iliyopakwa mafuta ya mgando, mbele peke yake, unangoja ikaze, unaitoa, kisha nyuma peke yake. Kukaza kunachukua dakika chache tu, kwa hiyo kusimama ni kwa muda mfupi kuliko kwenye tepu, na hakuna mkasi mgongoni. Plasta inapata joto inapokaza. Tabaka zikizidi unene joto nalo linazidi, mpaka kuunguza. Wala usizungushe kifua kizima kwa mkupuo, mtu anahitaji kupumua.

Kwa ukweli wa umbo, hii ni ya kwanza. Hata mkunjo wa sidiria ulionekana. Lakini ulichopata ni kalibu tu, mdoli wenyewe bado. Ni nzito, inapasuka ikidondoka, pini haiingii. Ikabidi apake mafuta ndani ya kalibu, abandike vipande vya gazeti kwa gundi ya unga wa ngano tabaka nane, angoje zikauke, azitoe, aunganishe mbele na nyuma, aufunike kwa sponji nyembamba na kitambaa. Hiyo ilikuwa masika. Siku ya sita gazeti bado bichi, na madoa ya kuvu yameanza kwapani. Mende nao wanapenda gundi ya unga kuliko tunavyowapenda wao. Alimaliza, na mdoli ni mzuri, ila ukimuuliza kama atarudia anabadilisha mazungumzo.

Kama una kiangazi, uvumilivu na mahali pakavu, sawa. Mimi hapana.

Mdoli wa marekani

Kuna kitambaa cha pamba cha rangi ya maziwa ambacho bado tunakiita marekani, kwa sababu karne ya 19 kililetwa pwani hii na meli za wafanyabiashara wa Salem kule Marekani. Siku hizi kinatoka kwingine, jina limeng'ang'ania. Ni kigumu, hakivutiki ukikikata kwa kufuata uzi wake ulionyooka, na pini inaingia na kutoka bila kuacha alama. Mdoli wa kushona unatengenezwa kwa hicho: vipande virefu vinavyopita juu ya kifua na kushuka hadi nyonga, vinashonwa, vinajazwa.

Uzuri wake unajieleza: unapigwa pasi, unachomwa pini maisha yote, joto haulijali, na ukinenepa unafumua mshono wa ubavu unaongeza. Ubaya ni kwamba unahitaji pateni, vile vipande vya karatasi vya kukatia kitambaa, ya mwili wako kamili. Na kama ningekuwa najua kukata pateni ya mwili wangu kamili, ningekuwa nahangaika na mdoli wa nini?

Njia ya kawaida ni rafiki mmoja akuvishe marekani mwilini na kubana kwa pini, kingo zikitazama nje, mpaka likae kama ngozi, kisha uchore palipobanwa. Inafanya kazi kama huyo rafiki ana jicho. Wangu walikuwa na upendo.

Jibu nililipata kwa ule mdoli wa tepu ulioharibika. Nilipotaka kuutupa nikautoa vitu vya ndani, na ganda tupu likanitazama mezani. Nikachora mistari juu yake, kutoka katikati ya bega kupitia chuchu hadi chini, nyuma hivyohivyo, na ubavuni. Nikakata kwenye mistari. Kila kipande kikalala karibu bapa, na palipokataa kulala nikapiga mkasi kidogo mpaka pakakubali. Kila palipofunguka ndipo penye dati, ule mkunjo wa kushonwa unaoipa nguo umbo. Nikavichora juu ya karatasi ya kaki, kiuno kile cha kuvutwa nikakirudishia inchi zake, nikaongeza nusu inchi ya mshono kila upande, nikakata marekani tabaka mbili.

Kipande cha mgongo wa juu kilikuwa kirefu kuliko cha mbele kwa inchi moja na robo. Nikakilinganisha na pateni niliyotumia kwa lile gauni la sendofu, na pale ikawa kinyume, mbele ndiko kurefu. Mgongo wangu umejikunja juu, kama wa mama, kama wa bibi, na kola ilikuwa inapanda kwa sababu chini yake hapakuwa na kitambaa cha kutosha. Mzee alikuwa ameuona kwa macho.

Kujaza nilitumia sufi, ile ya mito. Ni nyepesi na inakubali kushindiliwa, ila inaruka. Jifunge khanga puani la sivyo utapiga chafya mpaka Iddi. Vipande vya vitambaa vya kufagia sakafuni ni bure lakini mdoli unakuwa na uzito wa gunia na vinajikusanya chini, kwa hiyo nimeviweka kwenye nyonga tu, unasimama imara. Maboksi na kamba za ndani ni vilevile kama nilivyoeleza. Mguu wake ni wa feni ya kusimama iliyoungua mota: unapanda na kushuka, una kitako kizito, na nimeufunga kwenye urefu wa kiuno changu kutoka sakafuni. Mtoto wa jirani aliingia jioni taa haijawashwa, akauamkia shikamoo, akasimama pale akingoja jibu.

Ningekushauri nini

Unashona nguo zako mwenyewe na una cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka: usiiguse. Nunua tepu roli tatu, marekani mita tatu, ita watu wawili wenye siri, na litumie ganda la tepu kama pateni badala ya kulijaza. Ni siku moja ya jasho na siku mbili za kushona. Nimejumlisha vyote, pamoja na sufi, havikufika robo ya bei ya cherehani ya umeme niliyokuwa naitamani.

Nguo yako inahitajika wiki ijayo na mdoli wa mwaka mmoja unakutosha: jaza tepu, weka maboksi ndani, uepushe na pasi na jua la dirishani.

Una wateja kuanzia watano kwa mwezi: mdoli wa mwili wako hautawasaidia. Weka hela kwenye cherehani ya kiwandani yenye servo, halafu mdoli wa kitambaa wa saizi ndogo na mfuko wa vipande vya sponji wa kuujaza kwa kila anayekuja.

Unanyonyesha, au uzito wako unapanda na kushuka mwaka huu: subiri. Pima kwa futi kamba kila unaposhona, na mdoli uje baadaye.

Na kama huna hata cherehani, anza na ya miguu iliyotumika. Unapoikagua, izungushe kwa mkono ukiwa umetoa uzi, usikilize. Ikigonga mahali palepale kila mzunguko, iache hapohapo hata kama muuzaji anaapa.

Ovaloki bado sijanunua. Nilipiga hesabu tena wiki iliyopita, nikaishia kununua pasi.

Gauni la sendofu nimelifumua mgongo. Kitenge kilekile sikukipata, nikaweka mkanda wa rangi ya chungwa mabegani kuongeza urefu uliokosekana, na watu wanadhani ni mtindo.